Kipimo kimeonyesha, mume anasema ni chanjo: nimwamini nani?

*"Shikamoo daktari. Nina miaka 27, nauza mchele na maharage hapa Mbeya mjini, mume wangu ni dereva wa bajaji. Nina mimba ya miezi minne. Wiki iliyopita tulikwenda kliniki wote wawili, maana wanasisitiza uje na mwenza wako. Tulipimwa. Mimi nikaambiwa sina virusi, yeye akaambiwa kipimo kimeonyesha anavyo. Kilichonishangaza ni kwamba hakushtuka. Akasema tu, 'Hiyo ni chanjo.' Ndipo nikajua kuwa kabla hatujaoana alijitolea kwenye utafiti wa chanjo ya UKIMWI, akachomwa sindano kadhaa, na kwamba walimwambia anaweza kuja kuonekana ameathirika wakati hajaathirika. Kadi aliyopewa haionekani. Nesi alisema hajawahi kusikia jambo kama hilo, akataka aanze dawa siku hiyo hiyo. Mume wangu akakataa, tukaondoka. Sasa nyumbani hakukaliki. Mama mkwe anasema walimpandikizia virusi ili wamchunguze, na damu yake walikuwa wanauza Ulaya. Dada yangu anasema huo ni uongo wa mwanaume aliyebanwa, nifungashe vyangu. Je, chanjo inaweza kweli kumfanya mtu aonekane ana virusi? Inaweza kuniambukiza mimi au mtoto? Na kama mimi sina, si ina maana na yeye hana? Ndaga."*

Marahaba dada yangu, na hongera kwa ujauzito.

Nianze na lile linalokunyima usingizi. Ndiyo, jambo alilosema mumeo lipo. Linajulikana kwa kila anayefanya utafiti wa chanjo ya VVU, na mshiriki hutakiwa kuelezwa kabla hajatia saini fomu ya ridhaa. Kwa hiyo hakulitunga akiwa mbele ya nesi. Lakini kuwepo kwa jambo hakuthibitishi kwamba limemtokea yeye. Hadi leo hakuna mtu katika habari yako, si nesi, si mumeo, si dada yako, si mama mkwe, anayejua kama mumeo ana virusi au hana. Kipimo kinachoweza kujibu hilo bado hakijafanyika.

Mimi ni mtu wa maabara ya kinga ya mwili, kliniki ya wajawazito naifahamu kwa kupitia tu. Utanivumilia basi nikikawia kidogo kwenye habari za damu, kwa sababu mgogoro wote wa nyumba yenu umejificha humo.

VVU ikiingia mwilini, kinga huitambua na kutengeneza kingamwili, yaani protini zinazonasa sehemu fulani za kirusi. Hazitokei siku hiyo hiyo. Huchukua wiki kadhaa mpaka zifikie kiasi cha kuonekana. Kile kipimo cha tone la damu ya kidole mlichofanyiwa hakitafuti kirusi, kinatafuta hizo kingamwili. Ndani ya kikanda chake kuna vipande vya protini vilivyotengenezwa kufanana na vya VVU. Damu ikipita, kingamwili zikiwemo hunasa pale, na mstari wa pili hujitokeza. Ni sawa na mtu kukata shauri kwamba mgeni yumo ndani kwa sababu ameona viatu mlangoni. Mara nyingi sana atakuwa amepatia. Kwa mtu ambaye hajawahi kuchanjwa chanjo ya majaribio ya VVU, kuwa na kingamwili hizo karibu kila mara maana yake ni kuwa na virusi, na ndiyo sababu vipimo hivi vinaaminiwa nchi nzima.

Sasa chanjo. Kazi yake ni kuufundisha mwili utengeneze kingamwili kabla kirusi hakijaja. Chanjo iliyofanya kazi yake vizuri ndani ya damu itaacha kingamwili zilezile, au zinazokaribiana nazo, ambazo kipimo cha haraka kinazitafuta. Mstari wa pili unatokea, na kirusi hakuna. Kwa baadhi ya washiriki hali hii hupotea baada ya miezi, kwa wengine hudumu miaka mingi. Inategemea ni chanjo ya aina gani, mtu alichomwa sindano ngapi, na kipimo kinachotumika ni cha kiwanda gani, kwa sababu viwanda havitumii vipande vya protini vinavyofanana.

Kuna mfano ambao akina mama wa hapa kwetu wanaujua vizuri kuliko maprofesa wengi. Mama mwenye VVU akijifungua, mtoto hapimwi kwa kipimo cha haraka kama mtu mzima. Huchukuliwa matone ya damu kisiginoni, yakakaushwa kwenye karatasi, yakapelekwa maabara kwa kile kipimo cha DBS anapofikisha wiki sita. Kwa nini? Kwa sababu kingamwili za mama hupita kwenye kondo la nyuma na kukaa kwa mtoto, pengine hadi miezi 18. Mtoto asiye na virusi kabisa anaweza kuonyesha mistari miwili. Hakuna anayesema mama huyo anadanganya. Watu wote wa kliniki wanajua kwamba kwa mtoto huyo lazima kitafutwe kirusi chenyewe. Mumeo, kama kweli alipata chanjo, yumo kwenye kundi hilohilo. Tofauti ni kwamba watoto wa namna hiyo ni wengi na kila nesi kafundishwa habari zao, na watu wazima waliopitia majaribio ya chanjo ni wachache mno, kiasi kwamba nesi anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu asikutane na hata mmoja.

Kwa hiyo msimchukie nesi. Mweke kwenye nafasi yake: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 hadi 2023 ulikuta maambukizi kwa watu wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 4.4 kwa nchi nzima, lakini Mbeya ni 9.6, Iringa 11.1 na Njombe 12.7. Mtu anayepima nyanda hizi akaona mistari miwili, halafu kipimo cha pili kikakubaliana na cha kwanza, ana kila sababu ya kuamini alichokiona. Na tangu mwaka 2016 utaratibu wa Tanzania ni kumwanzishia dawa kila anayekutwa na VVU bila kusubiri kinga ishuke. Alifanya alichofundishwa. Ninaowalaumu mimi ni wale wanaopanga utafiti, wakafikiria kila kitu kuhusu sindano, wasifikirie kabisa siku mshiriki atakapokwenda kliniki ya kawaida miaka mitano baadaye akiwa na mke mjamzito. Kadi ya karatasi mfukoni mwa dereva wa bajaji, kwa mvua za Mbeya, itadumu masika mangapi?

Nije kwa mama mkwe. Hofu yake naiheshimu. Sindano na chupa za damu zimewatisha wazee wetu tangu zama za mumiani, na hakuna aliyekaa chini kuwaeleza. Lakini kuhusu kupandikizwa virusi, jibu ni hapana. VVU ina jeni 9, na kirusi kizima kinahitaji sehemu zake zifanye kazi pamoja ili kiweze kuzaliana. Chanjo zilizojaribiwa Mbeya hazikutengenezwa kwa VVU iliyo hai wala iliyouawa. Nyingine ni DNA yenye maelekezo ya kutengeneza vipande vichache tu vya kirusi. Nyingine ni protini ya ganda la nje iliyotengenezwa maabara. Nyingine hubebwa na MVA, kirusi cha jamii ya kile cha chanjo ya ndui, kilichopitishwa kwenye seli za vifaranga zaidi ya mara 500 mpaka kikapoteza uwezo wa kuzaliana ndani ya seli za binadamu. Hakuna njia ya vipande hivyo kukusanyika vikawa VVU. Na kwa kuwa hakuna kirusi, hakuna cha kukuambukiza wewe kitandani, wala cha kumfikia mtoto tumboni. Hata kingamwili za mumeo haziji kwako. Angekuwa ni wewe uliyechanjwa, mtoto angeweza kuzaliwa na kingamwili zako kwa muda, na hapo tungelazimika kumpima kwa DBS ili asibandikwe jina lisilo lake.

Kuhusu damu kuuzwa, ngoja nieleze inakokwenda, maana ndiyo kazi ninayoijua zaidi. Chanjo haiwezi kuonekana kwa macho kama imefanya kazi. Inabidi uchukue damu kabla ya sindano, uchukue tena baada ya wiki kadhaa, na tena, ulinganishe. Ndiyo sababu mshiriki huona anatolewa damu kila anapokuja. Mirija ikifika maabara huzungushwa kwenye mashine kwa kasi, chembe nyeupe zikajitenga na nyekundu, zikachotwa kwa mkono, taratibu, na mtu aliyevaa glavu anayejua kwamba akizikawiza zitaanza kufa. Kazi hiyo haingoji kesho. Washiriki wakija wengi asubuhi, watu wa maabara wanaweza kutoka saa mbili usiku. Chembe hizo hugandishwa kwenye naitrojeni ya kimiminika, baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko zinaweza kukaa miaka zikiwa hai. Siku zikihitajika huyeyushwa, zikawekewa vipande vya protini ya VVU, tukahesabu ni ngapi zinazostuka na kutoa ishara ya kinga. Chembe nyeupe iliyogandishwa haina soko. Haiwezi kuongezewa mgonjwa. Ina thamani kwa mtu mmoja tu, yule mwenye daftari linalosema mshiriki huyu alichanjwa lini.

Ni kweli kwamba sehemu ya sampuli husafiri nje, na mama mkwe hakuota hilo. Kituo cha Mbeya cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, kimekua kwa ushirikiano na Hospitali ya Rufaa ya Kanda na Chuo Kikuu cha Munich cha Ujerumani tangu miaka ya 1990, na kimefanya kazi na Wamarekani, Waswidi na majirani zetu pia. Vipimo vingine hufanywa mahali pamoja kwa nchi zote ili majibu yalinganishike. Sampuli hazibebwi kwenye begi. Kuna mkataba wa kuhamisha sampuli na kibali. Utafiti wenyewe hupita kwenye kamati ya maadili ya Mbeya na ile ya kitaifa, na ikiwa ni majaribio ya dawa au chanjo, hupita TMDA pia, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hela anayopewa mshiriki ni nauli na fidia ya muda wake. Kama mtu aliichukulia kuwa bei ya damu, maelezo hayakumfikia sawasawa.

Kwa nini Mbeya na si kwingine? Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita hapa, malori yanalala Tunduma na njiani kote, na watafiti waliofuatilia wanawake wahudumu wa baa kandokando ya barabara hiyo miaka ya 2000 walikuta aina A, C na D za VVU zikizunguka kwa pamoja na kuchanganyikana, hata mtu mmoja kukutwa na zaidi ya aina moja. Chanjo inayotaka kuitwa chanjo ya Afrika lazima ijaribiwe mahali kama hapa. Mwaka 2006 Mbeya ilikuwemo katika jaribio moja pamoja na Uganda na Kenya. Yakafuata majaribio ya TaMoVac, Tanzania na Msumbiji. Kisha mwaka 2020 likaanza PrEPVacc, lililokuwa na washiriki 1,512 wa Mbeya, Dar es Salaam, Masaka ya Uganda na Durban ya Afrika Kusini. Hukutaja mumeo alikuwa kwenye lipi. Aliyeandikisha jina lake analo kwenye kumbukumbu.

Sasa nifike mahali ambapo mumeo hatapenda.

Kwanza, kushiriki utafiti wa chanjo hakumaanishi kupata chanjo. Katika majaribio mengi baadhi ya washiriki huchomwa sindano isiyo na chanjo ndani yake, mara nyingi maji ya chumvi tu, ili wawe kipimo cha kulinganishia. Wakati utafiti unaendelea, mshiriki hajui aliko na anayemchoma hajui. Ukifungwa ndipo siri hufunguliwa. Kama mumeo alikuwa upande wa maji ya chumvi, basi kingamwili alizoonyesha wiki iliyopita hazikutoka kwenye sindano.

Pili, kuchanjwa si kukingwa. Mpaka sasa hakuna chanjo ya VVU iliyothibitishwa na kuruhusiwa kutumika popote duniani. Jaribio la Thailand lililokuwa na watu zaidi ya 16,000 lilionyesha mwaka 2009 kinga ya asilimia 31 hivi, ndogo mno kuipeleka kwa wananchi. Afrika Kusini walijaribu mpango uliojengwa juu ya huo, wakasimamisha mwaka 2020 kwa sababu haukukinga. PrEPVacc nayo ilisimamisha sindano mwaka 2023 kwa sababu hiyohiyo. Mtu anayeweza kuwa na mistari miwili kwa ajili ya chanjo anaweza vilevile kupata virusi halisi baadaye, na kipimo cha haraka hakitamwonyesha tofauti yoyote. Alipoingia kwenye utafiti alikuwa hana VVU. Hilo ni sharti, na alipimwa mara kwa mara mpaka ulipofungwa. Kuanzia siku ile ya mwisho hadi leo, kadi yake haina la kusema. Hata ikipatikana, itakachoeleza ni kwa nini kipimo cha kawaida hakimtoshi. Haitasema kwamba hana virusi.

Na tatu, hili ni lako wewe. Kwamba wewe huna hakumaanishi yeye hana. Wapo wanandoa wanaoishi miaka mmoja ana VVU na mwingine hana. Ni habari njema kwako, ila si ushahidi juu yake.

Kinachotakiwa ni kipimo kinachotafuta kirusi chenyewe, PCR, yaani vinasaba vya VVU ndani ya damu. Njia ninayoipendekeza ni mumeo aende kituoni alikoshiriki, kama ni Mbeya basi NIMR pale mjini, akiwa na kitambulisho, na wewe uende naye. Aulize mambo mawili: nilikuwa kundi lipi, na naomba nipimwe kwa utaratibu wa washiriki wa chanjo. Hawa ndio wanaojua ni vipimo gani vinafaa kwa chanjo gani. Kadi kupotea si tatizo, kumbukumbu hazitunzwi mfukoni mwa mshiriki. Msione haya kwamba utafiti uliisha zamani. Kumsaidia mshiriki kwa tatizo lililotokana na utafiti ni wajibu wao, na anayestahili kuona aibu ni yule atakayewageuza mlangoni. Mkigeuzwa, kamati ya maadili iliyoruhusu utafiti huandikwa kwenye fomu ya ridhaa, na malalamiko kama hayo ni kazi yake.

Njia ya pili ni kurudi hospitali, mkaomba kuonana na daktari wa CTC, yaani kliniki ya wanaoishi na VVU, mkamweleza habari ya chanjo, damu ikapelekwa kupimwa virusi. Inawezekana, lakini mtazunguka zaidi, kwa sababu PCR kwa mtu mzima kama kipimo cha kumtambua mgonjwa si jambo la kila siku kliniki. Faida yake ni kwamba daktari na kituo cha utafiti wanaweza kuwasiliana, na majibu yakaingia kwenye faili lake la kawaida. Mimi ningeanza na kituo, nikamalizia kwa daktari.

Njia ambayo siitaki ni ile ambayo wanaume wengi huikimbilia: kuzunguka dispensari moja hadi nyingine mpaka ipatikane inayosoma mstari mmoja, halafu karatasi hiyo ikaletwa nyumbani kama hati ya ushindi. Nimeshasema vipimo vya viwanda tofauti vinaweza kutofautiana kwa mtu aliyechanjwa. Jibu zuri la namna hiyo halitatui kitu, na jibu baya halitatui kitu vilevile.

Kuna jambo la dawa ambalo lazima nilinyooshe. Damu ya PCR ni vizuri ichukuliwe kabla hajaanza ARV, yaani dawa za kufubaza VVU, kwa sababu ARV hushusha virusi mpaka visionekane, na hapo karatasi ikiandika "havionekani" hatutajua ni kwa sababu hana au kwa sababu anameza dawa. Kwa hiyo kama kuna dawa yoyote anayoitumia tayari, ARV au dawa kinga ya PrEP, amwambie anayempima, hata kama hajakuambia wewe. Na kama ameshaanza, asijikatizie mwenyewe nyumbani. Aende nazo, wataalamu wana namna ya kuchunguza zaidi. Lakini kukataa kwake dawa kusigeuke kuwa kukaa. Hili ni suala la siku, si la miezi. Akikutwa anavyo, kila wiki inayopita bila dawa ni hatari kwake, na zaidi kwako.

Maana wewe ndiye ninayekuwazia zaidi. Mwanamke akiambukizwa VVU akiwa mjamzito au ananyonyesha, virusi hupanda sana katika wiki za mwanzo, na huo ndio wakati mtoto yuko hatarini kuliko hata mtoto wa mama aliyeishi na VVU miaka kumi akimeza dawa vizuri. Mpaka majibu ya PCR yatoke, tumieni kondomu kila mara. Najua kumwambia mume hivyo katika hali hii kunasikika kama kumhukumu. Mwambie ni mimi niliyesema. Muulize pia mhudumu wa kliniki kuhusu PrEP kwa ajili yako. Hutumika kwa wajawazito, na akina mama ambao wenza wao wana VVU wanaitumia. Kipimo chako kirudiwe, kwa sababu kingamwili za maambukizi mapya zinaweza kuchukua hadi miezi mitatu kuonekana. Usiruke kile cha miezi mitatu ya mwisho, wala vya wakati wa kunyonyesha. Ukipata homa kali, vipele mwilini, koo kuuma na tezi kuvimba katika kipindi hiki, usinunue panado ukalala. Nenda kliniki siku hiyo, useme wazi kwamba mwenza wako anachunguzwa VVU.

PCR ikisema hakuna virusi, na hatumii dawa yoyote, na hakuna jambo la hatari lililotokea wiki chache zilizopita, basi aliyosema yatakuwa ya kweli. Ombeni barua ya kituo iwekwe kwenye faili lake na nyingine mkae nayo, mpige picha kwenye simu. Aidha asichangie damu, maana itatupwa na yeye ataitwa upya na mzunguko uanze tena. Kama kuna wiki za wasiwasi, kipimo kirudiwe baada ya mwezi.

Ikisema virusi vipo, aanze dawa siku hiyo. Mtu anayemeza ARV vizuri, virusi vikashuka mpaka havionekani na vikabaki hivyo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Mtoto wako anaweza kuzaliwa salama kabisa, kwa sababu salama yake inategemea damu yako, na kazi yetu itakuwa ni kuhakikisha unabaki kama ulivyo. Ila PCR haitakwambia alivipata lini wala kwa nani. Dada yako asitegemee maabara impe hukumu hiyo. Je, kuficha kwamba alishiriki utafiti ni kosa? Nadhani alipaswa kukuambia kabla ya kuoana, na nadhani pia najua kwa nini hakusema: wengi waliojitolea huitwa waathirika mtaani siku hiyo hiyo wanapoonekana getini. Suala la kufungasha ni lenu. Nakuomba tu lisiamuliwe kwa mistari miwili ya wiki iliyopita.

Mama mkwe naye aalikwe. Vituo vya utafiti huwa na bodi ya ushauri ya jamii, watu wa mitaani wasio na koti jeupe: mwenyekiti wa mtaa, mchungaji, shehe, mama wa sokoni, dereva. Kazi yao ni kusoma fomu kabla ya mshiriki na kuuliza maswali ambayo sisi wa maabara tunayakwepa. Kuna mzee mmoja kwenye kikao cha namna hiyo aliuliza chembe zilizogandishwa zitafanywa nini mtafiti mwenyewe akifa. Ukumbi ulikaa kimya, na mwishowe ikabidi fomu iongezewe aya. Mkienda kuchukua majibu, nendeni naye, aombe kuonana na mjumbe wa bodi hiyo, na swali la damu kupelekwa Ulaya aulize yeye mwenyewe, kwanza kabisa, kabla hajakaribishwa chai.